Katonga huendi kwa kasia, unaenda kwa pondo

Ukisimama kwenye mwinuko karibu na kijiji cha Kabagole, magharibi mwa Uganda, ukautazama Mto Katonga kwa mara ya kwanza, utauliza mto wenyewe uko wapi. Linaloonekana ni bonde pana la kijani, mafunjo yamesimama bega kwa bega, marefu kuliko mtu, na hapa na pale mstari mwembamba wa maji meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Huo ndio mto. Mara ya kwanza tulifungasha kwa ajili ya mto wa kawaida: boti ya kujaza upepo, makafi mawili, kaptula na makubadhi. Karibu vyote vilirudi Kampala bila kufaa kitu. Tumeshakwenda tena, na haya tunayoandika ni yale ambayo mtu akiyajua kabla ya kupanda basi, atajiepushia hasara ya pesa, ya siku, na pengine ya afya.

Anza na mto wenyewe, maana ukishauelewa mengine hujipanga. Zamani sana, kabla ya ardhi ya magharibi mwa Uganda kuinuka kando ya Bonde la Ufa, maji ya upande huu yalikuwa yakielekea magharibi. Ardhi ilipopanda, mteremko ukapotea, maji yakarudi nyuma kuelekea lilipo Ziwa Victoria. Leo Katonga una sehemu inayoelekea Ziwa Victoria na sehemu inayoelekea Ziwa George, na katikati ardhi ni bapa kiasi kwamba maji hayana haraka ya kwenda popote. Maji yasiyo na haraka hutuama, hukusanya tope, na tope huzaa mafunjo. Kwa msafiri maana yake ni hii: hakuna maporomoko wala mawe ya kuogopa, lakini pia hakuna mkondo wa kukubeba. Nguvu uliyotumia kwenda ndiyo utakayotumia kurudi. Adui yako ni tope na majani. Usiudharau hata hivyo kwa upole wake: Mei 2023 mafuriko ya mto huuhuu yaliharibu daraja la barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, magari yakalazimika kuzunguka mbali.

Sehemu inayofaa kwa mtumbwi, matembezi na kambi kwa safari moja ni Hifadhi ya Wanyamapori ya Katonga, iliyo chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo kila mtu huiita UWA. Huwezi kujiingilia tu ukapiga hema unapopapenda. Unalipia, unapewa askari wa wanyamapori, na kila hatua ndani ya hifadhi unaipiga ukiwa naye.

Kuhusu pesa, kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kuna ada moja. Kiingilio ni kitu kimoja, kambi kwa usiku ni kingine, matembezi na askari ni kingine, mtumbwi ni kingine tena. Uliza kila kimoja kwa jina lake kabla ya kuondoka, na uliza pia njia ya kulipa inayokubalika, usije ukafika langoni na noti mfukoni ukaambiwa pesa taslimu hazipokelewi. Makao makuu ya UWA yako Kamwokya, Barabara ya Kira. Kwenda pale mwenyewe au kupiga simu siku kadhaa kabla kunakuhakikishia pia kwamba mtumbwi ni mzima na mwendeshaji yupo. Hifadhi hii haina msururu wa wageni kama Bwindi au Murchison. Watu hawakai wakikusubiri. Tuliwahi kufika bila taarifa, tukapoteza asubuhi nzima mtumbwi ukitafutwa, na asubuhi ndiyo mali yenyewe ya Katonga, kama tutakavyoeleza.

Kiingilio hudumu saa 24 tangu unapoingia. Hapo ndipo pa kuokoa. Ukiingia Ijumaa saa tatu asubuhi na kutoka Jumapili saa nane mchana, umelipia viingilio vitatu kwa usiku mbili. Ukiingia Ijumaa saa tisa alasiri na kutoka Jumapili kabla ya saa tisa, umelipia viwili na hukupoteza chochote, kwa sababu jua la mchana wa Ijumaa usingelitumia kwa lolote. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa chini sana kuliko mgeni wa mbali, lakini ni lazima athibitishe: kitambulisho cha taifa au pasipoti, kile chenyewe, usitegemee picha kwenye simu.

Hata hivyo ada si gharama kubwa. Gharama kubwa ni usafiri wa kipande cha mwisho. Mabasi na taksi za Fort Portal hupita Mityana, Mubende, kisha Kyegegwa, barabara ni ya lami na nauli si ya kutisha. Ukishuka Kyegegwa, lami unaiacha. Zimebaki takriban kilomita 40 za murramu, yaani barabara ya udongo na changarawe, kupitia Mpara hadi Kabagole. Hapo una njia mbili: bodaboda au gari la kukodi. Boda moja kwa mtu mmoja na mkoba mmoja inawezekana. Boda moja kwa watu wawili, hema, jerikani na gunia la makaa ni ajali inayosubiri kona. Mkiwa watatu au wanne, gari la kukodi kwa kuchangia huja karibu na bei ya boda za kila mmoja, na mizigo inafika mikavu. Patana bei ya kwenda na ya kurudi siku hiyohiyo, lakini usilipe ya kurudi mapema. Lipa nusu ya kwenda mkiondoka, nusu mkifika. Na umwambie dereva saa ya kurudi mbele ya mtu wa pili, kwa sababu mtandao wa simu kule si wa kutegemea.

Mafuta jaza Kyegegwa. Pesa toa Kyegegwa. Mkate, sukari, betri, dawa, yote Kyegegwa. Kabagole utapata vitu vya kawaida vya duka la kijijini, lakini usijenge safari juu ya matumaini kwamba duka litakuwa na kile unachotaka.

Lugha haitakusumbua kama wengi wanavyodhani. Askari wa hifadhi wanakifahamu Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya vyombo vya ulinzi nchini. Mwite "afande" na mtaelewana. Wilaya ya Kyegegwa pia ndiko iliko makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, na Wakongo wengi wa pale wanazungumza Kiswahili, kwa hiyo sokoni na kwenye stendi za boda utapata wa kukuelewa. Lakini wenyeji ni Watooro na wafugaji wa kando ya bonde, na hapo salamu ni kazi, si mapambo. Utaulizwa empaako yako, lile jina la heshima ambalo kila Mtooro anaitwa: Amooti, Akiiki, Atwooki, Adyeri na mengineyo. Kama huna, sema huna, na mara nyingi mzee atakupa moja papo hapo. Lipokee. Ukisalimiwa kwalo, itika. Mwendeshaji mtumbwi aliyekupa jina hukuonyesha mambo ambayo mteja wa kupita hayaoni.

Sasa msimu. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kipindi hicho murramu hugeuka sabuni, lakini maji kwenye mifereji ni ya kutosha. Kiangazi cha Juni hadi Agosti na cha Desemba hadi Februari barabara ni nzuri, ila kadiri kinavyoendelea maji hushuka na mtumbwi hukwama mahali ambapo mwezi uliopita ulipita ukiteleza. Kwa hiyo usilenge katikati ya mvua wala mwisho wa kiangazi. Lenga mwanzo wa kiangazi: Juni, au Desemba hadi mapema Januari. Barabara imeanza kukauka na mto bado umeshiba.

Tufike majini. Jambo la kwanza ni jaketi la kuokolea maisha, na hapa hatuna mzaha. Watu wanasema maji yenyewe mafupi, ya kiunoni. Ndiyo, maji ni ya kiunoni, lakini chini yake kuna tope lisilo na mwisho wa kukanyaga, na mtu aliyezama miguu kwenye tope hawezi kujivuta kwa kuogelea. Kama unaweza, nenda na jaketi lako. Kama unatumia la pale, likague: vifungo vyote vibonyee na kushika, mishono isiwe imeachia, na sponji ndani ukiibonyeza irudi, isiwe imevunjikavunjika kama mkate mkavu. Livae, ulikaze, kisha mwenzako akushike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, badilisha. Fanya hivyo ukiwa nchi kavu, si mkishaondoka.

Boti ya kujaza upepo iache nyumbani. Vigogo vya mafunjo yaliyokatwa hubaki chini ya uso wa maji vikiwa vimechongoka, na majani ya nyasi za kinamasini hukata mkono kama wembe. Tundu moja dogo ubavuni linatosha kumaliza safari: gundi ya kiraka inataka pakavu na saa nyingi za kushika, na kule pakavu hakuna. Mtumbwi wa mbao unakwaruzwa na haujali.

Kafi nalo lina nafasi yake, pale tu maji yalipofunguka. Ndani ya mfereji mwembamba halina pa kuzunguka. Kila ukilizungusha linanasa majani. Chombo cha Katonga ni pondo, mti mnyoofu wa mita tatu hadi nne. Mwendeshaji akikubali ulishike, na wengi hukubali ukiomba kwa adabu, kuna utaratibu. Simama nyuma, miguu imeachana, magoti yamelegea. Teremsha pondo wima, karibu kabisa na ubavu wa mtumbwi, liache lishuke kwa uzito wake mpaka liguse kitu. Ukilitupa mbali na ubavu, mtumbwi utageuka badala ya kwenda. Likishagusa, sukuma kwa kupandisha mikono juu ya mti, mmoja baada ya mwingine, polepole, si kwa pigo moja. Sasa ndiyo sehemu inayowaangusha watu: tope limelishika pondo, na mtumbwi unaendelea mbele. Usilivute moja kwa moja. Lizungushe kwanza, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, utasikia tope likiachia kwa sauti ya kufyonza, kisha ndipo ulinyanyue. Na kama limekataa kabisa, liachie. Achia mikono, keti, mrudi kulichukua kwa kafi. Anayeng'ang'ania pondo lililonasa hubaki amelikumbatia huku mtumbwi ukitoka chini ya miguu yake.

Abiria wote wengine waketi chini, sakafuni, si ukingoni. Mizigo mizito katikati. Anayetaka kupiga picha aseme kwanza, kwa sababu watu wawili wakiegemea upande mmoja kwa pamoja ndiyo mwisho wa picha na simu. Kila mtumbwi uwe na upo wa kuchotea maji. Jerikani ya lita tano iliyokatwa nusu ni upo mzuri kabisa. Simu na vitambulisho vitie kwenye mfuko usiopitisha maji, uufunge kwenye mtumbwi kwa kamba, usiufunge mwilini mwako.

Mifereji haidumu. Mafunjo mengi ya pale hayakuota ardhini: yameshikana mizizi kwa mizizi yakafanya mkeka unaoelea, na upepo ukibadilika mkeka husogea na kuziba njia mliyopitia saa moja nyuma. Ndiyo sababu mwendeshaji hubeba panga. Mkikuta pamezibwa, mwachie yeye aamue kama ni pa kukata au pa kugeuza. La muhimu kuliko yote: usishuke kwenye mkeka huo hata kama unaonekana mgumu. Unaweza kuchukua hatua mbili juu yake, ya tatu ukapita katikati, na chini kuna maji, na juu mkeka umejifunga.

Tulisema asubuhi ndiyo mali ya Katonga. Upande huu wa magharibi jua huchomoza karibu na saa moja, na mtumbwi unapaswa kuwa majini muda huohuo. Mpaka saa nne uwe umemaliza. Zipo sababu tatu. Upepo huanza baadaye. Ngurumo na radi za mchana zikikukuta kwenye mtumbwi, wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye maji yaliyofunguka. Na kichocho: vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri, hasa kwenye maji yaliyotuama yenye majani pembezoni, na hiyo ndiyo sifa kamili ya Katonga. Asubuhi hupunguza hatari, haiiondoi. Usioge mtoni, usinawe uso mtoni, na usitundike miguu nje ya mtumbwi.

Kuna sababu ya nne, na hiyo ndiyo inayowaleta watu: nzohe. Ni swala wa kinamasi, na Katonga ni miongoni mwa mahali pazuri nchini pa kumtafuta. Manyoya yake ni marefu na yana mafuta, maji hayamwingii. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, ndiyo maana hutembea juu ya mkeka wa mafunjo ambao wewe ungeuzamisha. Akishtuka hakimbilii nchi kavu. Huingia majini akabakiza pua tu. Kumwona kunataka ukimya wa kweli. Jaketi za nailoni zinazochakacha, mifuko ya plastiki, mazungumzo ya kunong'ona, vyote anavisikia. Upepo pia: chukua majivu kidogo, yaachie yaanguke kutoka vidoleni, uone yanakoelekea. Yakielekea kwenye mafunjo unayotaka kuyachungulia, geuza njia au subiri. Hata usipomwona, mwombe askari akuonyeshe nyayo kwenye tope laini ukingoni: alama mbili nyembamba na ndefu zilizoachana kama herufi V, tofauti kabisa na za tohe au pongo ambazo ni fupi na zimeshikana. Ukishaiona mara moja hutaisahau, na utaanza kuiona kila mahali. Juu yake kwazi atalia, na mdiria atapita kama cheche ya buluu. Chukua darubini ndogo; ndani ya mafunjo simu haikusaidii kitu.

Matembezi yana njia zake, na ile inayoitwa Njia ya Nzohe hupita kwenye nyasi na ukingo wa kinamasi kwa pamoja. Hapa vaa gambuti. Ila gambuti nazo zina kanuni: zisiwe kubwa. Gambuti pana ikiingia kwenye tope hubaki huko na mguu unatoka peke yake. Vaa soksi mbili hadi ikae vizuri, na suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe na siafu. Rangi iwe ya khaki au kijani kilichofifia. Buluu iliyoiva na nyeusi huwavuta mbung'o. Maji ya kinamasi yakipita juu ya gambuti, usiendelee. Gambuti iliyojaa maji ni nanga.

Mwendo ni wa mstari mmoja, askari mbele, na hakuna anayempita kwa sababu yoyote. Nyati na tembo wapo, na nyati aliyelala kwenye nyasi ndefu humwoni mpaka umemkaribia. Askari akiinua mkono, simama ulivyo. Usiulize "kuna nini?" kwa sauti. Tumeona wageni wakilalamika kwamba askari amewarudisha bila kuwaeleza. Alikuwa sahihi, na maelezo huja mkishafika mbali.

Kambi ndiyo sehemu ambayo makosa madogo huwa makubwa usiku. Fika mapema, hema liwe limesimama kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu jua likizama karibu na saa moja jioni giza halichelewi. Hata mahali ulipoonyeshwa, zunguka kwanza, duara la hatua ishirini hivi, ukitazama chini. Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni siafu: msitari mweusi unaotembea, au kijifereji kilicholainika ambako walipita. Ukikikuta, hama. Majivu kuzunguka hema husaidia kidogo, lakini siafu waliokwisha kuamua njia yao hawazuiwi na majivu, na kuhama hema saa nane usiku huku wamekujaa nguoni ni adhabu.

Cha pili ni njia ya kiboko. Watu hutafuta nyayo kubwa, lakini kwenye nyasi nyayo hazionekani. Tazama umbo la njia. Kiboko ni mpana, miguu ya kushoto na ya kulia imeachana, kwa hiyo njia yake ina mifereji miwili inayokwenda sambamba na tuta la majani katikati. Ng'ombe na binadamu huacha mfereji mmoja. Ukiona miwili na tuta, na vichaka vya pembeni vimerushiwa samadi iliyokatikakatika, umesimama barabarani mwake. Usiku hutoka majini kula majani na alfajiri hurudi, na mtu aliye kati yake na maji ndiye anayeshambuliwa. Hema liwe mita mia au zaidi kutoka kwenye maji na mbali na njia hizo. Ukitaka kutoka usiku, angaza tochi pande zote kwanza ukiwa bado mlangoni. Zipu ya hema ifungwe muda wote, hata mchana.

Usiku huwa baridi kuliko watu wanavyotegemea, hasa kwa ukungu unaopanda kutoka bondeni. Blanketi moja zito na mkeka au sponji chini yako. Baridi ya ardhini ndiyo inayouma. Asubuhi hema litakuwa limelowa hata bila mvua, kwa hiyo panga muda wa kulikausha kabla ya kulikunja.

Maji ya kunywa: weka hesabu ya lita tano kwa mtu kwa siku, tatu za kunywa na mbili za kupikia na kupigia mswaki. Watu wawili kwa siku tatu ni lita thelathini, yaani jerikani moja ya ishirini na nyingine ya kumi. Njoo nazo zimejaa. Ikibidi utumie maji ya hapo, kumbuka kwamba vidonge vya klorini peke yake haviwezi maji ya rangi ya chai: uchafu wa majani hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Chuja kwa kitambaa kizito, tia shabu kidogo ukoroge, acha tope lishuke, mimina ya juu, kisha chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kamili.

Chakula kiwe cha kuiva haraka. Maharage makavu yanakula makaa mpaka yanaisha. Yapike nyumbani au uyaache. Unga wa posho, yaani wa mahindi, gramu 250 kwa mtu kwa mlo, na karanga zilizosagwa, vitunguu, nyanya, chai na sukari, mtu hashindi njaa. Mukene, yaani dagaa, wa kukaanga ni mtamu lakini harufu yake huita wageni usiku. Mfunge ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikae mbali na hema. Usitegemee kuokota kuni ndani ya hifadhi. Makaa kilo moja na nusu kwa siku, kwenye sigiri ndogo, yanawatosha wawili. Majivu yakishapoa yazike, na kaveera zote, yaani mifuko ya plastiki, zirudi na wewe.

Mwache mtu nyumbani anayejua mpango: lango mnaloingilia, namba ya askari, siku na saa mtakayopiga simu mkitoka, na afanye nini msipopiga. Sanduku la dawa liwe na bendeji pana za kutosha. Nyoka akimgonga mtu, msikate wala kufyonza wala kufunga kamba ya kukaza. Mlaze, funga kiungo kisicheze kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, na gari liondoke. Ndiyo maana kabla ya kulala siku ya kwanza muulize afande swali moja: gari la karibu liko wapi na nani ana ufunguo.

Malaria ipo mwaka mzima. Anayekaa mahali penye malaria anadhani mwili umezoea; chandarua ndani ya hema kinamhusu pia. Anayetoka pasipo na malaria amwone daktari kabla. Akiandikiwa doksisaiklini, huanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kutoka, na hizo wiki nne ndizo watu huziacha nusu. Homa yoyote ndani ya miezi inayofuata, pima siku hiyohiyo.

Kwa kichocho, haraka haisaidii. Kama uliloa maji ya mto, hata miguu tu, kupima juma la kwanza ni kupoteza pesa, kwa sababu minyoo bado haijakomaa na mayai hayajaanza kutoka. Na dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Ukiimeza mapema unabaki na ugonjwa ukidhani umepona. Hesabu wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho uliyogusa maji, andika tarehe hiyo kwenye simu kabla basi halijafika Mubende, na siku hiyo upeleke choo maabara, kwani kichocho kinachosumbua zaidi Uganda ni kile cha tumbo. Dawa hupimwa kwa uzito, hivyo kubali kupanda mizani.